Kujipiga sindano ya kuzuia damu kuganda nyumbani baada ya upasuaji: waliopitia naomba uzoefu wenu

MkarafuuMrefu
Assalaam alaykum jamani. Mie mchumaji karafuu, upande wa Konde, Pemba. Msimu huu tawi limenivunjikia, nikateremka bila ya ngazi. Paja likavunjika juu kabisa, karibu na nyonga. Nikavushwa Unguja, nikapasuliwa na kutiwa chuma. Alhamdulillah natembea kwa magongo.

Sasa nimerudi nyumbani na maboksi ya sindano za enoxaparin, 40 mg, moja kila siku, mpaka zitimie siku 35 tangu upasuaji. Nesi alinionyesha mara moja tu, haraka haraka, maana wodi ilikuwa imejaa. Kituo cha afya kwetu si mbali kwa mwenye miguu yake, lakini kupanda bodaboda kila siku na paja hili ni mtihani. Mke wangu akiona sindano anatoka nje. Basi ni mie na tumbo langu.

Nachoma wapi khasa? Kile kiputo cha hewa ndani ya bomba nikitoe au nikiache? Na damu ikitoka baada ya kuchoma nifanyeje?

Kibunju_wa_Ole
Pole sana yakhe. Mikarafuu mingine ishazeeka kuliko babu zetu na bado tunaiparamia tu. Allah akupe shifaa ya haraka. Naufuatilia uzi huu, mzee wangu anakwenda kubadilishwa goti Dar na nasikia nao wanapewa sindano hizo hizo.

NesiMstaafu
Wa alaykum salaam, pole sana mwanangu. Nimewafundisha wagonjwa wengi kujipiga, na anayejipiga mwenyewe mara nyingi huwa na mkono mwepesi kutushinda sisi, kwa sababu anajua panapouma.

Nawa mikono kwa sabuni. Kaa kitako au jilaze umeegemea mto, tumbo ulione. Pahala ni pembeni mwa tumbo, kulia au kushoto, sentimita 5 au zaidi kutoka kitovuni. Vidole vitatu vilivyolazwa vinatosha kukupimia. Leo kulia, kesho kushoto. Usichome juu ya kovu wala juu ya vilio la damu la sindano iliyopita. Pafute kwa pamba ya spiriti, kisha ngoja pakauke wenyewe, kwani ukichoma pangali maji patakuwasha.

Kifuniko kivute moja kwa moja, usikizungushe, sindano isije ikapinda. Kiputo kiache. Tumezoea kumuona nesi analigonga bomba kwa kidole na kutoa hewa mpaka dawa ichirizike, lakini hizi zimejazwa kiwandani na kiputo kile kina kazi: kinasukuma dawa yote itoke, isibaki kwenye bomba. Ukikitoa utamwaga dawa na dozi itapungua. Wala usiogope hewa, sindano hii haiingii kwenye mshipa, inaishia kwenye mafuta chini ya ngozi. Anayetakiwa kupunguza dawa ndani ya bomba ni yule aliyeandikiwa dozi isiyolingana na bomba zima, na huyo ataelekezwa. Wewe wa 40 unapiga bomba zima.

Finya ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, uipate imenyanyuka. Ingiza sindano yote, wima, usiilaze. Ni fupi, haifiki hata sentimita moja na nusu. Sukuma pole pole mpaka mwisho, na ngozi uendelee kuifinya wakati wote huo. Chomoa wima vile vile ilivyoingia, ndipo uiachie ngozi. Kama bomba lako lina ala ya usalama, elekeza ncha pasipo na mtu, kisukume kitako kwa nguvu, ala itashuka kuifunika sindano.

Halafu USISUGUE. Damu ikitoka tone moja mbili, bonyeza kwa pamba kavu, mkono utulie. Wengi wanasugua kwa mazoea ya sindano za matako, tumbo zima linageuka buluu, wanaogopa, wanaacha dawa. Alama ndogo zitatoka tu hata ukifanya sawa, zisikutishe.

MkarafuuMrefu
Mama Nesi, shukran sana, Allah akulipe. Nimepiga ya leo baada ya Isha. Mkono ulitetemeka kabla ya kuingiza, baada ya hapo haukutetemeka tena. Inachoma kidogo dawa inapoingia, kuliko sindano yenyewe.

NesiMstaafu
Ndiyo, huwa inachoma. Shika saa hiyo hiyo ya baada ya Isha kila siku. Ukisahau, piga ukikumbuka ndani ya siku ile. Ukikumbuka kumeshakucha na ya leo iko karibu, endelea na ya leo peke yake. Mbili kwa mpigo hapana.

JuaKali_Wete
Samahani, mie naona wanazidisha. Mtu anatembea, kidonda kimefunga, anakula vizuri. Sindano za mwezi mzima za nini? Shemeji yangu aliziacha alivyotoka hospitali na yuko salama.

MfamasiaMjini
JuaKali, shemeji yako tumshukuru Mungu. Hatari ya damu kuganda haimalizikii mlango wa hospitali. Mfupa wa nyonga au paja ukipasuliwa, mishipa inatikiswa, mwili wenyewe unaongeza nguvu ya kugandisha damu ili ujiponye, na mguu unakaa bila ya kazi. Mambo matatu hayo yakikutana, damu inatuama kwenye mishipa ya ndani ya muundi wa mguu, inafanya donge. Donge likikatika linapanda moyoni mpaka mapafuni, na hapo mtu anaweza kuanguka na kufa aliyekuwa anazungumza. Hatari hiyo inaendelea kwa wiki kadhaa, ndiyo sababu upasuaji wa nyonga unapewa mpaka wiki tano. Goti mara nyingi ni siku 10 hadi 14. Upasuaji mkubwa wa saratani ya tumbo wiki nne.

Dawa hii haiyeyushi donge lililokwisha kufanyika, inazuia lisifanyike. Kwa hiyo "najihisi mzima" si dalili ya kuacha, uzima huo ndiyo kazi yake.

UkhtiMpendae
Mie nilipewa hizi baada ya kujifungua kwa upasuaji, kwa vile nilikuwa na uzito na mguu ulishawahi kuganda damu zamani. Nilijipiga mwenyewe nyumbani kwa wakwe. Sindano haikunisumbua hata kidogo. Kilichonisumbua ni arubaini.

Mkandaji alikuja na maji yake ya moto, mama mkwe amekwisha chemsha na majani, nikaambiwa nilale nikandwe tumbo na miguu isingwe kwa nguvu "damu itembee". Nikakataa, ikawa mtihani wa nyumba nzima, mara najifanya mzungu, mara sitaki kupona. Mwisho nikampigia nesi wa kliniki, nikaweka sauti nje, akamwambia mama mkwe mwenyewe: tumbo lina kidonda halikandwi, na mguu ulioganda damu hausingwi kwa sababu donge linaweza kukatika likapanda. Akafahamu pale pale. Akanipangusa mikono na mabega kwa kitambaa cha maji vuguvugu, raha mustarehe, na ugomvi ukaisha.

Kwa dada zangu wa upasuaji wa uzazi: sindano msiisogeze chini karibu na mshono, kaa juu na pembeni. Mie tumbo lilikuwa linauma sana nikaruhusiwa kuchoma paja, upande wa nje.

MtotoWaMicheweni
Ukhti umenikumbusha. Huku kwetu mtu akivunjika mguu wa kwanza kufika ni mpiga chuku. "Damu chafu itolewe." Je, chuku na sindano hizi vinakwenda pamoja?

NesiMstaafu
Haviendi. Hijama ni sunna na siikatai, lakini chuku ni kuchanja ngozi ili damu itoke, na wewe umepigwa dawa ya kuifanya damu isigande. Nani ataifunga hiyo damu? Subiri umalize dozi, kisha muulize daktari. Kung'oa jino vile vile: mwambie daktari wa meno kabla hajashika koleo.

Na dawa za maumivu za dukani. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usizile kwa shauri lako, zinaongeza kutokwa damu khasa tumboni. Ukiumwa, parasetamoli kwa kipimo chake. Kama aspirini uliandikiwa ya moyo tangu zamani, usiikate mwenyewe, mwambie aliyekuandikia sindano aamue. Habasoda, tangawizi na thomu (kitunguu saumu) vya kwenye chakula sina neno navyo. Wanaokunywa thomu mbichi kikombe kizima kila asubuhi, au mafuta ya karafuu kwa kijiko, waache wamalize dozi kwanza.

AbuuRayyan
Jamani mbona hamlisemi jambo kubwa? Dawa hii imetolewa kwa khinzir. Utumbo wa nguruwe. Nimesoma karatasi ya ndani ya boksi. Tunawachoma Waislamu najisi tena mchana kweupe na hakuna anayewaambia.

MkarafuuMrefu
Hili kweli au ni maneno ya mtandaoni? Nimeshtuka.

MfamasiaMjini
Ni kweli, na AbuuRayyan hakukosea kulileta, ila kwa sauti ya chini kidogo. Enoxaparin inatengenezwa kutokana na heparini, na heparini inayotumiwa hutolewa kwenye utando wa ndani wa utumbo wa nguruwe. Heparini ya ng'ombe ilikuwepo, nchi nyingi ziliiacha miaka ya 1990 kwa khofu ya kichaa cha ng'ombe. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla, na mie duka langu nawaambia.

Njia nyengine zipo. Fondaparinux ni sindano inayotengenezwa kwa kemikali tupu, haina asili ya mnyama, 2.5 mg mara moja kwa siku, na upasuaji wa nyonga iliyovunjika ni katika kazi zake zilizoidhinishwa. Ubaya wake, inatolewa kwa figo, figo zikiwa dhaifu haifai, na ukiitafuta kisiwani unaweza kuzunguka. Vipo na vidonge, rivaroxaban 10 mg au apixaban 2.5 mg mara mbili kwa siku, lakini idhini yake ni kwa waliobadilishwa nyonga au goti. Kwa paja lililovunjika kama lako ni daktari aamue. Si kitu cha kuingia dukani ukabadilisha mwenyewe.

UstadhWaKiuyu
Nyongeza ya kifiqhi, kwa ufupi. Suala hili hili la heparini nyepesi, yaani kundi la hii enoxaparin, lilijadiliwa na Baraza la Fiqhi la Rabita (jumuiya ya Waislamu wa dunia) Makka, Disemba 2003. Wakaruhusu kuitumia pale ambapo hakuna mbadala unaotosheleza, au mbadala uliopo unachelewesha kupona, na wakasema isipanuliwe zaidi ya haja, na mbadala wa yakini usio na najisi ukipatikana uendewe huo. Wapo pia wanachuoni wanaosema kitu kikishageuka kabisa kikawa kitu chengine basi hukumu nayo inageuka, wengine hawakubali. Hakuna aliyesema mgonjwa aache dawa akae na donge la damu. Kuhifadhi nafsi ni katika malengo ya sharia.

AbuuRayyan
Mie sikusema aache. Nasema waambiwe.

NesiMstaafu
Hapo tuko pamoja baba. Wodini nimewaona wanaosikia neno "nguruwe" kwa jirani, hawamuulizi daktari, hawamuulizi sheikh, wanaziweka sindano kabatini na wakirudi kliniki wanasema "nimepiga zote". Huyo ndiye ninayemuogopea. Daktari anadhani amekingwa, kumbe hana kinga yoyote. Kama moyo umekataa, piga simu siku hiyo hiyo useme nimekataa, upewe nyengine.

MkarafuuMrefu
Nimempigia daktari aliyenipasua. Hakukasirika. Kasema fondaparinux angeniandikia lakini lazima anipime figo kwanza, na hana hakika kama nitaipata Pemba bila kukatika katikati, na kukatika ndiko asikokutaka. Nimemuuliza na sheikh wetu hapa, kaniambia maliza ulizonazo. Naendelea. Mke wangu naye sasa anakaa chumbani ninapopiga, ila anatazama ukutani.

Kibunju_wa_Ole
Hatua kubwa hiyo 😀 Suala langu: Ramadhani ikiingia, sindano inafunguza?

UstadhWaKiuyu
Majmaa (baraza la wanachuoni) ya Fiqhi ya Jidda mwaka 1997 waliitaja wazi: sindano ya ngozi, ya msuli au ya mshipa isiyokuwa ya lishe haifunguzi. Na ukitaka kutoka kwenye khilafu, ipige usiku. Lakini mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kufunga kwenyewe ana rukhsa ya kuacha, asijibane.

MfamasiaMjini
Na kiafya pia, mtu wa mguu uliopasuliwa kukaa mchana kutwa bila maji si vizuri, damu inazidi kuwa nzito. Muulize daktari kabla ya kutia nia.

MzanzibariMuscat
Salaam kutoka Maskati. Huku mama yangu alibadilishwa nyonga wakampa vidonge. Suala langu ni joto. Nataka kumpelekea shangazi Unguja boksi za sindano hizo hizo alizoandikiwa. Ziwekwe friji?

MfamasiaMjini
Friji hazihitaji, umeme ukikatika usihangaike. Boksi nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 25, na zisigande kabisa. Sasa nyuzi 25 Unguja wakati wa kaskazi utazipata wapi, nami najiuliza. Chumba cha ndani kisichopigwa na jua, ukuta wa mawe kama upo, mbali na jiko na mbali na bati. Boksi la gari ndipo pabaya kuliko pote. Ukizisafirisha ndani ya kikasha cha barafu, zizungushie taulo, zisigusane na barafu. Ikiganda hata mara moja, itupe. Dawa yenyewe iwe maji safi, angavu, isiyo na kitu kinachoelea. Na usimpelekee kabla ya kujua dozi aliyoandikiwa, mabomba yapo ya 20, 40, 60 na 80, kwa haraka unaweza ukachukua siyo.

JuaKali_Wete
Na mabomba yaliyotumika? Huku kwetu yanaishia jaani, watoto wanachezea.

NesiMstaafu
Swali zuri hilo. Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, ile ya sabuni ya maji au ya dawa ya kufulia. Bandika karatasi "SINDANO". Tia bomba zima bila kurudisha kifuniko chake, wengi wanajichoma wakirudisha. Ikifika robo tatu funga, ipeleke kituo cha afya watazichoma moto na zao. Chooni hapana, baharini hapana.

BintiMtambwe
Nisaidieni haraka tafadhali. Mama yangu alipasuliwa nyonga, sindano amemaliza wiki iliyopita. Tangu jana muundi wa mguu mmoja umevimba, una moto, unamuuma akikanyaga. Mwengine uko sawa. Bibi anasema ni uchovu, tumsinge mafuta ya nazi. Sindano za jirani aliyebakisha zipo, nimpige moja?

NesiMstaafu
Binti, usimsinge na usimpige ya jirani. Mpeleke hospitali SASA, usingoje asubuhi. Mguu MMOJA uliovimba baada ya upasuaji ni donge la damu mpaka uthibitishwe sio. Mkiwa njiani akianza kuhema, kifua kumchoma akivuta pumzi, kukohoa damu au kuzimia, waambieni mlangoni neno la kwanza, msikae foleni.

Kwa wengine mnaosoma, mkiwa bado kwenye sindano dalili za upande wa pili ni hizi: choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, damu ya pua isiyokatika hata ukibana pua robo saa, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, au kuanguka ukapiga kichwa hata kama huoni jeraha. Hizo pia si za kungojea.

MfamasiaMjini
Binti, ulipo gari ipo? Tuandikie mkifika.

BintiMtambwe
Tumepata gari ya mjomba. Tuko njiani kwenda Chake.

BintiMtambwe
Wamempiga utrasaundi ya mishipa ya mguu. Donge lipo, nyuma ya goti. Kifua kiko sawa, pumzi sawa. Wamemlaza. Ameanzishiwa sindano zile zile lakini sasa asubuhi na usiku, na bomba ni kubwa zaidi. Mbona dozi imebadilika hivi? Si ndiyo dawa ile ile?

MfamasiaMjini
Alhamdulillah mmewahi. Dawa ni ile, kazi ni nyengine. Ya kukinga ni 40 mara moja kwa siku. Ya kutibu donge inapimwa kwa uzito, kwa kawaida 1 mg kwa kila kilo, kila saa 12, hivyo mtu wa kilo 60 anapata 60 asubuhi na 60 usiku. Figo zikiwa dhaifu inapunguzwa. Ndiyo sababu sindano ya jirani ingekuwa balaa: isingetosha kutibu, na nyie mngedhani mmeshatibu mkakaa nyumbani.

NesiMstaafu
Na waulizeni kama watampima chembe za kugandisha damu. Dawa hii kwa wachache inazishusha, khasa kuanzia siku ya tano hadi ya kumi, na zikishuka sana inabidi wabadilishe dawa kabisa.

MkarafuuMrefu
Binti pole sana, mama apate shifaa. Na mie mguu wangu nimeutazama upya leo, nimepima miundi yote miwili kwa uzi wa kushonea. Iko sawa.

BintiMtambwe
Ahsanteni nyote. Damu wameshachukua, figo na chembe, majibu kesho. Daktari anasema baada ya sindano atahamia vidonge kwa miezi mitatu au zaidi. Bibi amekuja na chupa ya mafuta ya nazi, nesi wa zamu amemuelekeza ampake mikononi.